Sukari ya Masjara

Jumatatu, 2 Machi

Leo tumefundishwa usalama wa taarifa. Mfundishaji alikuwa Odeta, afisa TEHAMA wetu, binti wa miaka ishirini na tisa kutoka Bukoba. Akisimama mbele ya watu huongea polepole kama anayemvusha kipofu barabara. Kipofu, kwa maoni yangu, alikuwa mimi. Ametugawia kila mmoja daftari la kurasa sitini na nne: tuandike kila siku tulichofanya kwenye mfumo, ili likitokea la kutokea tujue lilianzia wapi. Linaitwa daftari la matukio.

Nimezipiga namba kurasa zote kwa kalamu nyekundu kabla sijaandika neno. Ndivyo tunavyofanya masjala. Karatasi ikishaingia kwenye jalada inapewa namba, inaitwa folio, na folio haichomolewi hata kama imebeba tusi la mkurugenzi. Miaka ishirini na nane nimewaimbia watu wimbo huo. Odeta alichungulia, akacheka.

"Mzee Masele, hujaandika kitu, unahesabu nini?"

"Mwanangu, mbuzi wanahesabiwa kabla fisi hajapita."

Alisema pia kwamba nywila isiandikwe popote. Nimeiandika ukurasa wa kwanza, kisha nimekumbuka, nimeifuta.

Jumanne, 3 Machi

Mvua. Kwenye mfumo: hakuna.

Jumatano, 4 Machi

Mvua. Kwenye mfumo: hakuna. Mtu mmoja aliingia masjala. Alikuwa anatafuta choo.

Ijumaa, 6 Machi

Naona sitakuwa na matukio ya kujaza kurasa sitini na nne, kwa hiyo nitaandika na mengine. Kwa faida ya folio, nianze na sisi ni nani.

Ofisi hii ni ya Wakala wa Mialo, iko Ilemela juu ya mawe, na dirisha langu linaona ziwa. Mwalo ni pale mitumbwi inapoegeshwa na samaki kushushwa. Sisi tunaandikisha mialo, mitumbwi, na akina mama wanaoanika dagaa kwenye vichanja. Zamani kila kitu kilikuwa jalada, na kila jalada lilikuwa kwangu. Mtu akitaka kujua mtumbwi ni wa nani alikuja masjala, na akija masjala alikaa, akatoa habari za nyumbani, akaonja sukari yangu. Nilijua nani ameposa, nani ana kisukari. Tangu mfumo uje wanabonyeza mezani kwao. Sijawahi kuona chombo kilichookoa miguu ya watu wengi kiasi hicho.

Natumia kamusi pembeni ninapoandika. Sababu nitaieleza siku nikiwa na ujasiri.

Jumatatu, 9 Machi

Mvua. Paa la chumba cha majalada ya zamani linavuja upande wa herufi M. Nimemwandikia dokezo kaimu meneja, Bi Evelina. Ni la nne.

Alhamisi, 12 Machi

Nimejifungia nje. Mfumo unataka nywila ibadilishwe kila mwezi. Nimeibadilisha, nimeisahau, nimebahatisha mara tatu, ukaniambia nimwone msimamizi. Msimamizi, yaani Odeta, alikuwa mlangoni na begi, anawahi meli ya Ukerewe kutengeneza mashine ya ofisi ndogo. Nilikuwa na leseni arobaini za kuskani, zinatakiwa leo. Akatazama saa, akatazama mvua, akaandika kwenye kikaratasi.

"Mzee, tumia ya kwangu. Leo tu. Ukimaliza, kimeze."

"Kwa meno haya?"

Akaondoka anacheka, na mwavuli wangu mkononi.

Kwetu mtu akiishiwa chumvi anaazima kwa jirani. Ofisini tunaazimana nywila vivyo hivyo, na anayekataa anaonekana ana roho ya kwa nini. Odeta mwenyewe alitukataza wiki iliyopita. Mvua na huruma vikikutana, mafunzo hulala.

Kuskani kumekwisha saa nane. Saa tisa, ndani ya akaunti yake, ikaingia barua pepe kutoka makao makuu, ina nembo yetu na yote: kila mtumiaji ahakiki taarifa zake kabla ya saa kumi, asipofanya hivyo akaunti itafungwa. Niliona aibu. Binti ameniazima kitu kizima, nikirudishe kimefungwa? Nikajaza pale palipotakiwa: jina lake, nywila yake, kituo cha kazi. Ikajibu "Asante." Siku hizi kuambiwa asante hapa masjala ni tukio.

Kikaratasi nimekichana. Sikukimeza.

Jumapili, 15 Machi

Selina amepiga simu kutoka Dodoma. "Baba, umekula?" Nimekula. Mtandao ukakatika kwa mvua kabla sijasema nimekula nini.

Nilitaka kwenda nyumbani Sengerema, sikwenda. Enzi za kivuko pale Busisi nilikuwa na kisingizio, foleni. Lakini foleni ile ile ilinipa watu wa kuongea nao saa mbili nzima, mke wangu akiwa hai akiuliza watoto wa wenzake wanasoma wapi. Sasa kuna daraja. Unavuka dakika chache, hujasalimia mtu.

Jumanne, 17 Machi

Nimefunguliwa akaunti. Nywila mpya ninaijua kwa kichwa. Hakuna kingine.

Jumatano, 25 Machi

Mfumo umekufa.

Ilikuwa saa mbili na robo. Nilisikia kelele kwenye korido, kitu nilichokuwa sijakisikia siku nyingi, nikatoka. Kila kompyuta ilikuwa na kufuli jekundu katikati ya kioo na maneno ya Kiingereza, wageni wasiojulikana wakitutaka tuwatafute. Odeta alikuwa anakimbia chumba hadi chumba anachomoa nyaya ukutani. Bi Evelina alisimama mlangoni kwake na kikombe mkononi, hanywi.

"Odeta, ni umeme?"

"Si umeme, Bosi. Tumeingiliwa."

"Na nani?"

"Sijui. Ila alifunguliwa mlango. Hakuvunja."

Nje, tangu saa moja, akina mama wa vichanja walikuwa wamejipanga kwa vibali vipya. Bila kibali gari haliruhusiwi kupakia dagaa, na dagaa waliokwishaanikwa mvua inawaozesha. Kiongozi wao, Mwanvua, ni mwanamke mwenye sauti ya kuita mtumbwi kutoka kati ya ziwa.

"Mnasema taarifa zetu zimefungwa. Funguo mmempa nani?"

Bi Evelina akageuka taratibu, akanitazama mimi, mimi mwenye madokezo manne ya paa linalovuja.

"Mzee Masele. Yale majalada bado yapo?"

Niseme ukweli, kwa kuwa daftari ni langu: nilisimama wima kama askari. "Yapo, Bosi."

Yalikuwepo, ila kuanzia L mpaka N yalikuwa yamelowa chepechepe. Mwanvua aliyaangalia akasema mambo ya kuanika waachiwe wao. Jua lilipochungulia saa sita tukateremka wote hadi mwaloni, tukayatandaza kwenye vichanja, folio kwa folio, na akina mama wakiyageuza kwa vidole viwili kama wanavyogeuza dagaa. Nilikuwa napita kati yao nikipiga kelele kwamba namba nyekundu zifuatane. Kuna mtoto wa shule alinisalimia "Shikamoo mwalimu."

Nimerudi nyumbani Kiseke miguu inauma. Nimekula vizuri.

Ijumaa, 27 Machi

Masjala ilijaa. Nimekosa pa kukaa kwenye chumba changu mwenyewe. Majalada yote yananuka dagaa.

Jumamosi, 28 Machi

Tumefanya kazi ingawa ni Jumamosi. Paskazia, anayetupikia chai, mtu wa Ukerewe na rika langu, kaleta michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa. Kasema, kwa jina wanalotuitia wanaume wa Kisukuma, "Ngosha, umekuwa mtu maarufu. Sukari yako imekwisha." Nikamwambia iishe.

Jumatatu, 30 Machi

Odeta ameipata barua iliyofungua mlango. Alituita wote mezani kwake saa nne. Macho yake yamekuwa mekundu kwa siku tano za kutolala.

"Tazameni anwani iliyotuma. Nani anaona tatizo?"

Nilikuwa mbele, kwa sababu ya miwani. "Mimi naona Wakala wa Mialo."

"Soma tena, Mzee."

"Mialo."

"Herufi kwa herufi."

Nikasoma herufi kwa herufi, na nilipofika ya nne nikasoma l, kwa sababu niliiona l. Akaweka ukucha juu ya kioo. "Hii ni r. Miaro. Hakuna Wakala wa Miaro Tanzania hii."

Watu wakacheka, mimi nikacheka nao. Akasubiri kicheko kiishe.

"Imefunguliwa kwenye akaunti yangu. Tarehe kumi na mbili, saa tisa na dakika saba."

Hakunitazama. Alitazama kioo. Mimi nilitazama ukucha wake.

Sasa naeleza habari ya kamusi. Kisukuma chetu hakina haja na r. Nilikwenda shule nikisema "habali ya asubuhi", na mwalimu wa darasa la tatu akanichapa mpaka nikaipata. Kwa kuogopa kuikosa, nikawa naiweka kila penye mashaka, kama mtu aliyekosolewa chumvi anavyoijaza chungu kizima. Mdomoni sasa nasema sawasawa. Mkononi na machoni, l na r bado ni mapacha, na mimi ni baba yao asiyejua yupi ni yupi.

Nilitaka kumfuata. Mlangoni kwangu walikuwa watu saba wanasubiri majalada.

Jumanne, 31 Machi

Watu wengi. Sikupata nafasi.

Jumatano, 1 Aprili

Watu wengi. Nafasi ilikuwepo saa saba. Niliitumia kupanga herufi M.

Alhamisi, 2 Aprili

Odeta amesimamishwa kazi kupisha uchunguzi. Barua iliandaliwa asubuhi, na nakala ikaja masjala kwa ajili ya jalada lake, kwa hiyo mimi niliijua kabla yake. Niliipiga folio 30.

Saa tisa alikuja kuaga. Alisimama pale watu wanaposimamaga.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu."

Akaweka mwavuli wangu juu ya meza. "Nilikuwa nimekaa nao tangu Ukerewe. Samahani."

"Chukua, mvua hiyo."

"Hapana. Cha mtu kinarudishwa."

Akaondoka ananyeshewa. Nilimwona kutoka dirishani akiruka jiwe hadi jiwe, begi la kompyuta kichwani, ila kompyuta hawakumwachia. Lilikuwa begi tupu.

Jumapili, 5 Aprili. Pasaka

Kanisani nilikaa nyuma. Selina kapiga. "Baba, unasikika mchangamfu." Nikamwambia ofisi imejaa watu siku hizi. Kafurahi sana. Kasema alikuwa ananiombea hilo.

Alhamisi, 9 Aprili

Mvua siku ya sita mfululizo. Nimempata mwenye mtumbwi kwa kukumbuka jina la baba yake. Bi Evelina kasema mbele ya wote, "Huyu mzee ndiye mfumo." Nimelirudia neno hilo njia nzima mpaka Kiseke, na nilipofika mlangoni lilikuwa limechacha.

Jumanne, 14 Aprili

Mchunguzi amefika kutoka Dodoma. Anaitwa Yahaya, mtu wa Tanga, mpole, anaongea Kiswahili kilichopigwa pasi. Kaomba apewe kompyuta ya masjala. Hiyo ndiyo tunayoskania, na ofisi nzima inaitumia.

Alhamisi, 16 Aprili

Yahaya katuita ukumbini, watu kumi na mmoja. Kasema barua ya tarehe kumi na mbili haikufunguliwa mezani kwa Odeta, ilifunguliwa kwenye kompyuta ya masjala, na Odeta siku hiyo alikuwa melini. Kwa hiyo alimwazima mtu akaunti yake. Anachotaka ni kumjua mtu huyo.

"Kompyuta ile imehifadhi kilichoandikwa kwenye fomu. Naomba mnisaidie, mimi mgeni." Akavaa miwani. "Kituo cha kazi: Iremela. Iremela ni wapi, jamani?"

Kimya. Si kimya cha watu wasiojua. Nimekaa maofisini kiasi cha kutofautisha. Mmoja alianza kukata kucha zake kwa meno. Bi Evelina alikuwa anasoma kalenda ukutani, ya mwaka juzi. Mvua ilikuwa inapiga bati, na kila mtu alionekana anaisikiliza kwa bidii.

"Hakuna?" Yahaya akauliza.

"Labda kidole kiliteleza," nikasema mimi. Mimi. Sauti yangu mwenyewe.

"Labda," akasema. "Kuna agizo lilitolewa hapa, la daftari la matukio. Aliyeandika aniletee, litanisaidia."

Wakacheka kidogo kwa aibu. Hakuna aliyeandika zaidi ya wiki ya kwanza. Sikucheka, sikusema.

Ijumaa, 17 Aprili

Saa nne nilikwenda jikoni kwa chai. Paskazia alikuwa anasugua sufuria. Akachukua kopo langu la sukari kabatini, akaliweka mbele yangu, karatasi ya jina ikiwa imenielekea. Niliiandika mwenyewe miaka sita iliyopita, kwa herufi kubwa na gundi nzuri: SUKARI YA MASJARA.

Nikaisoma. Kwa mara ya kwanza nikaisoma.

"Miaka sita," nikasema, "na hakuna aliyeniambia?"

"Tukuambie nini, Ngosha? Sukari ni tamu ile ile."

Akaendelea kusugua. Nikamuuliza, wote wanajua?

"Wote wanakunywa chai."

"Sasa mbona jana walinyamaza?"

Akaweka sufuria chini. "Mtu mzima havuliwi nguo mbele ya mgeni. Anaachiwa muda avue mwenyewe, aoge." Akanitilia vijiko viwili. "Ila na muda nao una mwisho. Yule mtoto Odeta anakaa nyumbani bila kazi."

Wiki tatu nzima nilidhani wamenirudia kwa sababu ya majalada. Kumbe, tangu niliposhindwa kuiona ile r, walikuwa wanapita mlangoni kwangu kila siku wakinipa nafasi. Kila aliyekuja kuuliza mtumbwi alikaa kidogo zaidi ya haja, nami nikadhani ananipenda. Labda na hilo lilikuwemo. Sijui kulipanga.

Jumanne, 21 Aprili

Barua ya kujieleza ya Odeta imeletwa kwa bahasha. Kabati la siri ufunguo wake ni wangu, na jalada lake liko humo. Kazi yangu ni kupiga namba, si kusoma. Nimesoma.

Mistari minne. Anakiri alimwazima mtu nywila yake kinyume cha agizo alilolitoa yeye mwenyewe. "Niliyemwazima ni mtu ninayemheshimu. Kumtaja si kazi yangu."

Folio 31.

Jumatano, 22 Aprili

Sikwenda kazini. Nimesema malaria. Haikuwa malaria.

Jumamosi, 25 Aprili

Nimekwenda kwa Odeta. Kumbe anakaa Kiseke hii hii, mtaa wa juu kwenye mawe, dakika kumi na tano kwa miguu yangu. Miaka mitatu tumefanya kazi pamoja na sikuwahi kuuliza anakaa wapi. Nilijua mtumbwi wa kila mtu.

Nilikuwa na maneno nimeyapanga tangu kona ya duka. Alinikaribisha, shikamoo, marahaba, akanitolea kiti chenye mto, yeye akakaa kwenye ndoo iliyogeuzwa. Akaleta chai na senene wa kwao, wale panzi wa kukaanga, kwenye kibakuli.

"Huku mvua imezidi," nikasema.

"Imezidi, Mzee."

"Na ziwa limepanda."

"Nasikia mwaloni limefika kwenye vichanja."

"Limefika."

Tukala senene. Nikamuuliza Bukoba wanasemaje. Akasema mama yake hajaambiwa, anadhani yuko likizo, anamuuliza kila siku kwa nini likizo hii hataki kuja nyumbani. Alisema bila kulaumu. Nikatazama mlango, kisha nikasema senene ni wazuri, lakini ukweli ni kwamba wao wanawazidisha chumvi. Akasema Wasukuma hawajui kula. Tulicheka, tena vizuri, kama zamani. Nikaaga.

Alinisindikiza hadi kwenye jiwe kubwa. Hapo akauliza, akiwa anatazama bonde:

"Lile daftari bado unaandika?"

"Naandika."

"Umefika ukurasa wa ngapi?"

"Arobaini na tisa."

"Zote zipo?"

Nilisikia swali vizuri. Nikasema njia inateleza, arudi ndani.

Jumatano, 29 Aprili

Mfumo umerudi. Nakala ya akiba iliyohifadhiwa Dodoma imerejeshwa yote, imepungua siku mbili tu. Akina mama wamepata vibali. Mwanvua kanipungia mkono getini, hakuingia. Hana sababu ya kuingia.

Alhamisi, 30 Aprili

Mtu mmoja masjala. Alikuja kuchukua stepla yake.

Jumatatu, 4 Mei

Hakuna.

Jumanne, 5 Mei

Hakuna. Mvua zinapungua.

Alhamisi, 7 Mei

Barua kutoka makao makuu: kamati ya nidhamu itakaa Ijumaa tarehe 15. Kwa kuwa mtuhumiwa hataki kutoa ushirikiano, inapendekezwa afukuzwe. Bi Evelina ameniletea mwenyewe kwa mkono wake badala ya kumtuma mtu. Alisimama mbele ya meza yangu wakati napiga namba, folio 32.

"Mzee, wewe umebakiza miaka mingapi ustaafu?"

"Sita, Bosi. Ya hiari ni mwakani."

"Yeye amebakiza thelathini na moja."

Akarudi ofisini kwake. Sina hakika kama alifunga mlango kwa upole au kwa kuchoka.

Jumanne, 12 Mei

Leo niliketi na daftari hili baada ya kazi, na rula ya chuma. Ukurasa wa tano na wa sita ni karatasi moja, na humo ndimo ilipo tarehe 12 Machi, kikaratasi, chumvi ya jirani, "Asante" na yote. Nikailaza rula mshononi. Nilikuwa nimejiambia kwamba karatasi hiyo ikitoka naweza kuwapa daftari lililobaki na nikaonekana mtu mwema, mtunza kumbukumbu pekee aliyetii agizo.

Lakini daftari limeshonwa katikati. Ukichomoa karatasi ya mwanzo, mwenzake wa mwisho analegea. Niliinyanyua kidogo tu, nikaona huku nyuma kurasa 59 na 60 zinasogea, hizi ninazoandika sasa. Sikujua nicheke au nifanye nini. Nikaondoa rula.

Ninachokiogopa si kamati. Nimejiuliza sana na nakiandika ili kiwe na namba. Naogopa kwamba siku nikitamka, hata ile sababu ya watu kuja kusimama mlangoni kwangu itaisha. Nilifurahi mfumo ulipokufa. Binti wa watu alikuwa anakimbia akichomoa nyaya, na mimi nilisimama wima, nikafurahi, nikala vizuri. Hiyo ndiyo herufi niliyokosea kuliko zote, na hakuna ukucha uliowekwa juu yake.

Alhamisi, 14 Mei

Hakuna mvua. Mawe yote yamekauka.

Saa nne, wote wakiwa jikoni, nilichukua kopo la sukari nikaliweka mezani mbele ya Yahaya. Nikamwambia, "Uliuliza Iremela ni wapi. Ni hapa. Mwenyeji wake ni mimi." Akasoma karatasi ya kopo, akanitazama, akasoma tena. Ndipo nikaeleza: akaunti niliyojifungia, meli, mwavuli, barua. Nikaeleza na kwamba nilijua tangu tarehe 30 Machi, siku arobaini na tano. Hapo walionisamehe kosa la herufi walitazama chini, na nilijua siku hizo wamezihesabu. Paskazia peke yake alinitazama usoni.

Bi Evelina akauliza kama nipo tayari kuandika. Nikasema nimeshaandika.

Sasa Yahaya amekaa mbele yangu hapa masjala, anasubiri daftari. Nimemwomba dakika tano kwa sababu kitu hakikabidhiwi bila tamko. Anakunywa chai yangu. Kasema kamati itakaa kesho kama ilivyopangwa, ila jina la mtuhumiwa litabadilika, na Odeta atakuwa na la kujibu kuhusu kuazima, dogo zaidi. Kuhusu mimi hajui. Nimemwambia asijisumbue.

Nilimpigia Odeta kabla ya kukaa. Iliita muda mrefu. Nikasema, "Ni Masele." Akasema, "Najua, Mzee." Nikamwambia kwamba ile siku pale kwenye jiwe aliniuliza kitu na mimi nikamjibu habari za utelezi. Nikamsikia anakaa, nadhani kwenye ile ndoo. Akasema, "Nasikiliza." Nikamwambia nitamjibu kwa maandishi, apate nakala.

Tamko: Daftari hili la matukio lina kurasa sitini na nne, zimepigwa namba kwa wino mwekundu tarehe 2 Machi. Zilizoandikwa ni sitini na mbili, mbili za mwisho ni tupu. Ukurasa wa sita una alama ya rula mshononi. Aliyeiweka ni mimi.

Masele, Masjala, Ilemela. Hayo mawili ya mwisho nimeyatazama mara tatu.

Zote zipo.